Damu Isiyo ya Taraivini

"Mwenye damu hii," Daktari Koli alisema, "bado ana mimba."

Sajini Seruwaia Naivalu hakuwa amekuja maabara ya Suva kusikia hilo. Alikuja kwa kesi ya kughushi. Wizara ilikuwa imepeleka malalamiko polisi kwamba nesi mmoja wa kisiwani, Shaleni Prakash, alijaza vichupa kwa damu ya yeyote aliyepita mlangoni, ili ionekane kazi ya utafiti imefanyika. Wakubwa walitaka aandikishwe maelezo kabla ya kufukuzwa. Kwenye simu nesi alikana, akalia, akakana tena.

Kichupa chenyewe kilikuwa kimesimama mezani kati yao. Kibandiko kilisema Taraivini, wa kijiji cha Vunidilo. Taraivini alikuwa mmoja wa wanawake waliokubali kutoa damu mara mbili, kwanza uchungu ukikaribia, kisha wiki moja baada ya kujifungua, ili madaktari waone dalili za kifafa cha mimba zinavyopanda na kushuka katika damu. Damu yake ya kwanza ilikuwa safi. Alijifungua salama, mtoto wa kiume. Ndipo ikaja hii ya pili.

Koli alieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo kwa wakubwa wake bila kusikilizwa. Kondo la nyuma likikosa damu ya kutosha, alisema, hupiga kelele, na kelele yake ni protini inayomwagika ndani ya damu ya mama. Mishipa inabanwa, presha inapanda, figo zinaanza kuvuja, na mwisho wake ni kifafa. Kondo likishatoka, kelele hunyamaza ndani ya siku chache. Katika kichupa hiki kelele ilikuwa kubwa kupita zote alizopata kuziona mwaka ule.

"Na kama kipande cha kondo kilibaki tumboni?" Seruwaia aliuliza.

"Ndilo nililowaza kwanza. Kwa hiyo nikapima kundi la damu. Kichupa cha kwanza cha Taraivini ni O. Hiki ni B. Mtu hubadili nyumba, hubadili dhehebu, Sajini. Kundi la damu habadili."

"Hapa kwako je? Vichupa havikupishana?"

Koli alikuwa akilingoja swali hilo. Sanduku kutoka kisiwa kile lilifika na kichupa kimoja tu, na lakiri aliivunja mwenyewe. Kosa, kama lilikuwapo, lilisafiri kutoka kisiwani.

Seruwaia alikitazama kichupa. Ama nesi alidanganya, ama nesi alidanganywa. Kwa vyovyote vile, huko kisiwani palikuwa na mwanamke mwenye mimba na kelele hiyo mwilini, na hakuna aliyemwambia.

"Ana muda gani?"

"Kwa hesabu hizi? Angekuwa mke wangu, ningeshapanda boti."

Seruwaia, mwanamke wa mtoni, alikuwa na dada aliyekufa kwa kifafa hicho hicho, enzi ambazo hapakuwa na kichupa cha kumsemea. Hakumwambia Koli. Alipitia sokoni akanunua fungu la mizizi ya yaqona, inayotwangwa kuwa kinywaji cha heshima, kwa kuwa polisi anayeingia kijiji cha watu mikono mitupu hapati hata salamu, na alfajiri yake akawa majini.

*

Nesi Shaleni alimpokea gatini, macho yamevimba, majibu ameyapanga. Alikuwa kisiwani kwa muda tu, akishikilia nafasi ya nesi aliyekwenda likizo. Sura za watu alikuwa bado anajifunza. Alituma ujumbe Vunidilo kwamba Taraivini afike zahanati atolewe damu. Akaja mwanamke na kadi ya kliniki ya Taraivini, akaitika jina la Taraivini. Angefanya nini zaidi?

Seruwaia alimwomba asimulie kuanzia mlango ulipofunguliwa, asiruke kitu. Mwanamke alikuwa na umri kama wa miaka ishirini na kitu. Alivaa gauni pana la maua juu ya sulu, shuka ya kiunoni, kama wanawake wote wa huku. Hakuwa mwongeaji. Mkono wa kushoto mshipa haukuonekana kabisa, mkono umejaa jaa, basi Shaleni akachukua damu nyuma ya kiganja cha kulia.

"Umejaa, au umevimba?"

Nesi alifikiri. "Umevimba," akasema polepole.

"Presha ulimpima?"

Hapo majibu yaliyopangwa yakaisha. Betri za mashine zilikuwa zimekufa wiki ile, na mgonjwa alikuwa na haraka, na yeye Shaleni alijua kwamba mtu ameshajifungua salama. Hakupima.

"Hilo liandike," alisema. "Lakini damu sikughushi."

Seruwaia aliandika yote mawili.

*

Mkuu wa kijiji, Inoke, aliipokea yaqona kwa makofi na maneno yanayostahili, na yalipokwisha akaangua kicheko. Watu wa kwao Seruwaia, wa mtoni, na watu wa kisiwa hiki ni watani tangu mababu; hakuna tusi ambalo hawajatukanana wala kuku ambaye hawajaibiana.

"Kumbe serikali imeishiwa polisi hata inatuletea mla kome wa matope," Inoke alisema. "Umekuja kumkamata nani? Mchukue mke wangu, nitakubebea mzigo."

"Mkeo hana kosa zaidi ya kukubali kuolewa na wewe, na adhabu anaitumikia."

Walikunywa bakuli moja. Seruwaia aliuliza habari za kijiji kwa ujumla, kama mgeni yeyote, na Inoke akampa za kwake kwa ujumla: paa la kanisa, bei ya petroli, na wavu. Wavu wa wanawake ulikuwa ukirudi na majani ya baharini tu. Kila mtu alijua sababu. Mwanamke akiwa na mimba asiitangaze, kisha akaingia majini pamoja na wenzake, samaki hukimbia. Kwa hiyo wanawake walikuwa wakitazamana matumbo.

"Wanamshuku nani?"

Walimshuku mke wa mwalimu, Inoke alisema, kwa sababu ya kiuno chake. Mke wa mwalimu hakulia wala hakununa. Alikwenda zahanati, akapimwa mkojo, akarudi na kile kijiti cha kipimo, akakipitisha mbele ya pua za wavuvi wote mmoja mmoja, akiwaambia hii ni mihogo, tena mihogo ya maziwa ya nazi, na nitaendelea kuila.

Seruwaia alicheka pamoja naye. Lakini moyoni alikuwa ameshaliweka jambo hilo mahali pake. Kuhusu samaki hakuwa na la kusema. Kuhusu tumbo lililofichwa, daktari wa Suva na wavuvi wa Vunidilo walikuwa wamefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti.

*

Mlangoni kwa Taraivini aliketi mama mkwe wake, Bibi Kelera, akipepea moshi wa jiko kwa kipande cha ukili. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti iliyozoea kuongoza kwaya. Kabla Seruwaia hajamaliza salamu alikwisha kuambiwa kwamba kama nesi amelalamika juu ya usafi wa nyumba hii, basi nesi ni mwongo.

Seruwaia alisema hapana, alikuja kumwona mtoto. Alisifu mkeka. Aliuliza kama mzazi aliangaliwa vizuri.

"Unaniuliza mimi? Mzazi wa nyumba hii hakukanyaga nje mpaka usiku wa kumi ulipopita. Hata kizingiti hakukivuka. Chakula mkononi mwangu, maji mkononi mwangu. Kamuulize yeyote."

"Hata zahanati hakwenda?"

"Nimekwambia kizingiti."

Damu ilichukuliwa siku ya nane. Seruwaia alimshukuru, akainama, akaingia.

Taraivini alikuwa akinyonyesha. Alikuwa na uso wa afya, miguu myembamba, macho makavu ya mtu asiyelala kwa sababu ya mtoto tu. Seruwaia alimwuliza kwa upole kama alitoa damu mara ya pili. Alisema ndiyo. Kama iliuma. Kidogo. Walimtoboa wapi?

Taraivini alinyoosha mkono wa kushoto, akaonyesha kwenye kiwiko kwa ndani.

"Nesi anasema alichukua nyuma ya kiganja cha kulia."

Mtoto aliachia ziwa, akalalamika, akalirudia. Nje ukili uliacha kupepea.

"Taraivini, sikuja na pingu. Wewe ulikuwa ndani ya nyumba hii. Mkweo amenihakikishia bila kuulizwa. Nani alikwenda na kadi yako?"

Taraivini alitazama mlango, kisha mkeka. Alisema alikuwa amemwahidi nesi wa zamani kwamba atatoa damu, na kuvunja ahadi ni aibu, na kutoka ndani kabla ya wakati ni aibu kubwa zaidi. Basi aliomba mtu. Na mtu akiombwa hapa hakatai.

"Nani?"

"Mtu akikupa ulichomwomba, humgeuki ukamtaja kwa polisi."

"Hata kama ni mgonjwa?"

Taraivini aliinua uso. Ilikuwa wazi kwamba neno hilo hakulitegemea. "Mgonjwa wa nini? Ana nguvu kuliko mimi." Akaziba mdomo, kwa kuwa alikwisha kusema zaidi ya alivyotaka.

Seruwaia hakumbana. Alitoka akasimama juani akapanga. Jambo la kumdanganya nesi huliombi kwa mkubwa wako, na dada yako mdogo humfundishi. Ombi kama hilo huombwa kwa kicheko, na hapa kisiwani, kama kwao mtoni, mtu wa kucheka naye hivyo ni wifi.

"Bibi," alimwambia Kelera, "una mabinti wangapi?"

"Mmoja. Unaisi. Mumewe yuko Australia anachuma matunda." Kelera alikuwa amepunguza sauti. Alikuwa amesikia kila kitu. "Yuko nyumba ya kusukia mikeka. Kwa nini?"

"Nitakwambia nikishajua."

*

Katika nyumba ya kusukia waliketi wanawake saba wakisuka mkeka mmoja mrefu, kila mmoja na upande wake. Seruwaia aliingia, akavua viatu, akaketi bila kualikwa, na kwa kuwa ni mtani akakatiwa nafasi pamoja na matusi. Walimpa upande wa pembeni, ambako hata mla kome hawezi kuharibu kitu. Alisuka na kuwaacha waseme.

Wa tatu kutoka kwake alikuwa mwanamke mwenye gauni pana na kitambaa kilichofungwa kwa nguvu kwenye paji la uso. Wenzake walimwita Unaisi. Walikuwa wakimtania kwamba yeye, fundi wao wa kwanza, siku hizi anasuka kama mwanamume aliyelewa. Seruwaia aliupitisha mkono juu ya upande wa Unaisi kana kwamba anaulainisha. Ukindu ulikuwa umerukwa hapa, umerukwa pale, palipotakiwa kupanda umeshuka.

"Mwanga hafifu," Unaisi alisema.

Ilikuwa saa sita mchana na kuta mbili za nyumba zilikuwa wazi. Pete ya ndoa ilining'inia shingoni mwake kwenye uzi. Nyuma ya kiganja chake cha kulia palikuwa na doa la manjano la jeraha la sindano linalopona.

"Wewe wifi wa watu," Seruwaia alisema, "nionyeshe choo, nisije nikawaaibisha." Wanawake wakacheka, na Unaisi akanyanyuka. Alinyanyuka kwa vituo viwili, mkono mmoja ukutani.

Walikwenda mpaka nyuma ya migomba, mahali pasiposikika. Unaisi alisimama, akamgeukia.

"Unanikamata?"

"Kwa kosa gani? Kumsaidia wifi yako? Mimba ina miezi mingapi?"

"Nimenenepa tu."

"Pete imekubana tangu lini?"

Unaisi aliishika pete shingoni. Alipoanza kusema alisema akiitazama migomba. Mwaka juzi alitangaza. Ukoo ukaleta mkeka, wakapiga yaqona, wakacheka mpaka usiku. Wiki ile ile mimba ikatoka.

"Safari hii nilisema nitanyamaza mpaka nimsikie analia. Hata mume wangu hajui. Wenzangu wanarudi na wavu mtupu, wanatukana asiyejulikana, na mimi naitikia pamoja nao." Alijifuta uso. "Nikisema, itatoka tena."

Seruwaia hakumwambia kwamba hilo si kweli. Hakuwa daktari, na yule hakuwa mtoto.

"Unaona nyota?"

"Tangu juzi."

"Kichwa?"

"Kama kinapasuliwa."

"Na hapa, chini ya mbavu?"

Unaisi alipaweka mkono kabla hajaonyeshwa.

"Sikiliza, mtani. Unaogopa kutangaza. Damu yako imeshatangaza. Ilifika Suva kabla yako, ikamwambia daktari kila kitu isipokuwa jina. Mimi nimeifuata tu."

"Imesema mtoto atakufa?"

"Imesema mnahitaji hospitali, nyote wawili, leo. Isingekuwa na matumaini nisingekuja na boti. Ningekuja na shada la kaburini."

Ilikuwa lugha kali, lugha ya watani, na Unaisi alicheka kabla hajajua kwamba anacheka. Kisha akamshika Seruwaia mkono.

"Mwambie mama wewe."

"Nitasimama karibu yako. Kusema utasema mwenyewe."

*

Betri zilipatikana kwa Inoke. Alikuwa akisikiliza raga. Seruwaia aliingia, akaigeuza redio, akazitoa, akaondoka nazo. Mtani haombi. Inoke alimfuata hadi zahanati akilaani ukoo wake wote, mpaka alipoona ni nani aliyelala kitandani, akaenda mwenyewe kutafuta petroli ya boti.

Shaleni alipima presha, akatazama, akapima mkono wa pili. Hakusema hesabu kwa sauti. Alimlaza Unaisi kwa ubavu wa kushoto, akafunga mapazia, akamchoma sindano ya kuzuia kifafa kwenye paja moja na kwenye la pili. Kisha alizungumza na hospitali kwa simu ya upepo, maneno mafupi, kila moja mahali pake. Seruwaia alimtazama na kujua kwamba ile kesi ya kughushi imekufa pale pale.

Bibi Kelera alifika akihema. Alikuwa na maneno mengi. Yalionekana yamejaa mashavuni. Unaisi alimshika sulu.

"Mama, nina mimba. Mwezi wa nane unaingia. Nilikuficha."

Seruwaia alijiandaa kwa kelele. Haikuja. Kelera alikaa chini sakafuni, akaweka kiganja kwenye tumbo la bintiye, akakiacha pale mpaka mtoto aliposogea. Kisha akamwuliza nesi kama ndani ya boti kuna nafasi ya mtu mnene.

Njia nzima alimlaza Unaisi mapajani, amemfunika macho kwa kanga ya mtoto ili jua lisimchome, akiimba polepole sehemu ya sauti ya kwanza, peke yake, bila sauti nyingine tatu. Shaleni aliangalia dripu. Unaisi hakupata kifafa. Walipoona majengo ya Suva, Seruwaia aligundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiitikia sauti ya pili.

*

Walimfanyia upasuaji jioni ile. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, wa kukaa kwanza kwenye kisanduku cha joto, lakini alilia vizuri, na nesi wa chumba cha upasuaji aliusogeza mlango ili mama asikie.

Siku ya nne Seruwaia alifika wodini na taarifa yake mkobani. Aliandika kwamba hakuna aliyeghushi. Kwamba nesi Shaleni Prakash alikosea kutopima presha mara moja, na akaokoa watu wawili baadaye. Na kwamba ombi la kumfukuza lirudishwe lilikotoka. Daktari Koli alikuwa pale, akiwa amepanda ngazi mwenyewe badala ya kutuma karatasi. Aliwaonyesha mstari wa ile protini kwenye karatasi ya vipimo. Kabla ya kujifungua ulikuwa juu kabisa. Kesho yake ulikuwa umevunjika nusu, na leo ulitambaa chini ya ukurasa. Presha ilikuwa bado inayumba, alisema, na ingebidi ilindwe wiki kadhaa, maana wapo wanaopata kifafa hata baada ya mtoto kutoka. Ila kondo halikuwapo tena, na kelele ilikuwa inakwisha.

Unaisi alikuwa amelala. Pete ilikuwa bado kwenye uzi.

Bibi Kelera aliusikiliza mstari wote mpaka mwisho. Alitaka kuona kichupa, akapewa kimoja kitupu, akakigeuza geuza dirishani.

"Hiki kilijua kabla yangu," alisema. "Mimi niliyemzaa."

"Damu yake ilikuwa ndani, Bibi," Koli alisema. "Wewe ulikuwa nje."

Kelera aliguna. Alitaka kujua kama utafiti huu bado unahitaji wanawake. Koli alisema unawahitaji sana. Vunidilo kulikuwa na watatu wenye matumbo yanayojulikana, Kelera alisema, na baada ya habari hii, kama anawajua wenzake, wangejitokeza na wale wasiojulikana. Angewapeleka zahanati yeye mwenyewe, hata kwa fimbo.

"Na baada ya kujifungua?" Seruwaia aliuliza. "Siku ya nane?"

Bibi Kelera alimrudishia daktari kichupa, akajifunga sulu vizuri kama mtu anayesimama mbele ya kwaya.

"Mzazi hatoki mpaka usiku wa kumi. Hilo nililikuta na nitaliacha lilivyo," alisema. "Lakini nesi ana miguu. Aje. Atakuta mlango uko wazi na chai iko motoni."